Kengele ya Shule Haimfuati Chuoni

Hotuba kwa wazazi na walimu wa vijana wenye usonji (autism) waliomaliza kidato cha sita, Dar es Salaam

Shikamooni wazazi wangu. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Na ninyi vijana mliochagua viti vya karibu na mlango, nimewaona, na mmechagua vizuri. Anayetaka kutoka atoke, anayetaka kurudi arudi, hakuna atakayemuuliza anakwenda wapi. Ile feni ya kushoto nimeomba izimwe kwa sababu inalia. Joto tutalivumilia.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa kidato cha tano na cha sita. Pia ni mama wa kijana mwenye usonji ambaye sasa yuko mwaka wa tatu chuo kikuu. Nimeombwa nizungumzie safari ya kutoka sekondari kwenda chuo, na nimekubali kwa sababu mwanangu safari hiyo aliifanya mara mbili. Ya kwanza nilimwandaa mimi, ikavunjika. Ya pili alijiandaa mwenyewe. Ruhusa ya kuwasimulia amenipa yeye, kwa maandishi, na ameorodhesha mambo ambayo nisiyaseme. Sitayasema.

Alisoma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, katika shule ya bweni. Tume ya Vyuo Vikuu inataka mwombaji wa digrii ya kwanza awe na angalau principal mbili, yaani ufaulu kamili wa masomo mawili, zenye jumla ya pointi 4. Kwa hesabu hiyo, yeye alikuwa na pointi 13. Matokeo yalipotoka Julai tulichinja kuku, mashangazi wakapiga vigelegele, mwenyewe akaingia chumbani akafunga mlango. Tulimwacha. Ndivyo anavyofurahi.

Tukajaza fomu za kujiunga. Palikuwa na sehemu inauliza: je, mwombaji ana ulemavu wowote? Nikaandika "Hapana." Niliandika kwa mkono wangu. Nilijiambia kwamba mtoto mwenye pointi 13 hana haja ya kuanza maisha mapya na doa. Oktoba nikampeleka. Foleni ya usajili nilipanga mimi, maswali nilijibu mimi, hata alipoulizwa jina nililitaja mimi. Nikatandika godoro, nikafunga chandarua, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Siku ya tisa nikapigiwa simu na kijana aliyekuwa akilala kitanda cha juu yake. "Mama, shikamoo. Huyu ndugu yetu hajatoka kitandani tangu Jumatatu. Na sina hakika kama anakula."

Nilimkuta amelala kifudifudi, kajifunika shuka mpaka kichwani na jua la saa nane. Ukutani alikuwa amebandika ratiba ya masomo aliyoichora mwenyewe kwa rula, kila somo na rangi yake. Jumatatu yote ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu. Nilikaa sakafuni nikasubiri. Ilipita zaidi ya saa nzima ndipo akasema: "Ratiba iliandika saa mbili. Nilikwenda saa mbili. Hakukuwa na mtu."

Lekcha ilikuwa imehamishiwa ukumbi mwingine. Tangazo lilitumwa usiku kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na yeye hakuwa kwenye kundi, maana CR, yaani kiongozi wa darasa, hakuwa na namba yake na yeye hakujua kwamba namba huombwa. Alisimama mlangoni mwa chumba kitupu kuanzia saa mbili mpaka saa nne. Wengine wangeuliza mpita njia. Yeye alirudi hosteli akafikiri hivi: kama ratiba ya Jumatatu si kweli, nitajuaje kama ya Jumanne ni kweli?

Pale sakafuni ndipo nilipoielewa miaka sita ya sekondari. Miaka yote hiyo nilikuwa nawaambia watu, "Wangu hana shida shuleni, hahitaji msaada." Kumbe alikuwa akisaidiwa kuanzia alfajiri mpaka taa zinapozimwa. Kengele ya kuamka, kengele ya paredi, kengele ya uji. Sare ileile, hana haja ya kuwaza avae nini. Dawati la dirishani, safu ya pili, miaka miwili mfululizo, na darasa zima likijua kwamba ni lake. Wali siku ileile ya wiki. Patroni aliyekuwa na mazoea ya kupita kitandani kwake kila akiona hajaenda kula. Mwalimu wa zamu aliyesema "sasa prepo, sasa kulala." Hakuna aliyeuita huo msaada. Haukuandikwa kwenye faili lolote. Ndiyo maana hatukujua kwamba upo, na ulikwisha wote kwa mpigo, siku moja ya Mei, alipoweka kalamu chini kwenye mtihani wa mwisho.

Ndugu zangu, kama leo mtaondoka hapa na jambo moja tu, naomba liwe hili. Kaeni na mtoto, muandike kila kitu ambacho shule ilikuwa ikimfanyia bila kukiita msaada. Kitu kwa kitu. Nani alimwamsha? Nani alimkumbusha kuoga? Nani alimwambia mtihani umesogezwa mbele? Alipozidiwa na kelele alikwenda wapi? Sisi tulipoandika tulifika 23. Kisha mbele ya kila kimoja tukauliza: chuoni hili litafanywa na nani? Kwa vingi jibu lilikuwa "hakuna." Basi hivyo ndivyo vya kufanyia kazi. Calculus ataijua tu.

Mwaka ule aliahirisha masomo. Tulikuwa na miezi kumi na moja mpaka Oktoba iliyofuata, na ninawaambia kwa dhati kwamba ilikuwa miezi yenye faida kuliko yote tuliyowahi kuishi naye.

Kulikuwa na tofauti moja kubwa ambayo sikuwa nimeifikiria. Sekondari, mtoto akiwa na mahitaji maalumu, mkuu wa shule ndiye anayepeleka taarifa zake Baraza la Mitihani, na mzazi akiitwa anaitwa kama msemaji wa mtoto. Chuoni mwanafunzi ni mtu mzima. Mhadhiri hakujui. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi itakusikiliza kwa heshima, halafu itauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Na hicho ndicho kilichokuwa kigumu kwetu, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kusema. Mimi nilikuwa nikisema.

Vyuo vyetu kadhaa vina kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa nacho kwa miaka mingi. Nawashukuru wanaofanya kazi humo. Lakini tuseme ukweli: huduma hizo zilijengwa kwa ajili ya wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa viungo. Nukta nundu, wakalimani wa lugha ya alama, njia za viti vya magurudumu. Kijana wako anaingia mlangoni kwa miguu yake, anaona, anasikia. Mhudumu atamtazama amuulize kwa nia njema kabisa, "Sasa wewe unahitaji nini?" Kama hana jibu, ataondoka kama alivyoingia.

Kwa hiyo tuliandika kadi. Kwanza niliiandika mimi. Sentensi ndefu, lugha ya heshima, "kutokana na changamoto zake." Mwanangu akaisoma, akaniwekea mezani, akasema, "Huyu siye mimi." Akaandika yake. Ilimchukua wiki tatu. Ninayo nakala hapa, na kuisoma kumo ndani ya ruhusa:

"Nina usonji. Nasikia sauti zote kwa pamoja. Nikiziba masikio sijakasirika. Naomba maelekezo kwa maandishi. Naomba nijue mapema chumba kikibadilika. Ukiniuliza swali, subiri."

Ukiniuliza swali, subiri. Nimemzaa, nimeishi naye miaka kumi na tisa, na sikuwa nimejua kwamba hilo ndilo angemwomba mtu. Kila mtu alipomuuliza jambo, nilikuwa nimeshajibu kabla hajafungua kinywa.

Tulianza mazoezi na watu wa karibu. Alimpa kadi muuza duka wa mtaani. Akampa kinyozi, ambaye tangu siku hiyo huzima redio akimwona anaingia. Mwezi wa nane akaenda peke yake kwenye ile ofisi chuoni. Mimi nilibaki kituo cha daladala nikiwa nimeshika mkoba kwa mikono miwili. Alirudi baada ya dakika arobaini. Nikauliza wamesema nini. Akanyamaza, nami safari hii nikanyamaza. Tulipofika nyumbani akaniambia wamekubali afanyie mitihani chumba kidogo, na kwamba atapewa majina ya CR wa kozi yake mapema.

Likizo ile chuo kikiwa kitupu tulikwenda mara sita. Alihesabu hatua kutoka hosteli mpaka kila ukumbi. Alijaribu vyoo vyote. Aligundua kwamba kafteria saa saba ni vita, lakini saa tano na nusu wali maharage uko tayari na meza ziko wazi. Alipata kona maktaba, nyuma ya rafu za majarida ya zamani, ambako hapafiki mtu. Akachora ramani yake, kubwa, kwa rula, na safari hii akaweka kwenye ramani kitu ambacho hakikuwepo kwenye ile ratiba ya kwanza: mraba wenye maneno "Kama hakuna mtu chumbani," na mshale unaokwenda kwenye namba ya simu ya CR, kisha mshale wa pili unaokwenda ofisi ya idara. Mraba huo ndio uliomvusha mwaka wa kwanza.

Sasa niseme haraka juu ya karatasi, kwa kuwa wengi mmeniuliza pale nje.

Mwaka 2013 serikali ilirejesha mafunzo ya JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, kwa wahitimu wa kidato cha sita, na siku hizi tangazo la kuwaita vijana huelekeza kwamba wenye ulemavu wa kuonekana waripoti kambi ya Ruvu, Mlandizi mkoani Pwani, kwa sababu ina miundombinu ya kuwapokea. Sikilizeni neno hilo: wa kuonekana. Usonji hauonekani. Kijana wako anaweza kupangiwa kambi yoyote, filimbi alfajiri, amri kwa sauti ya juu, na afande akauchukua ukimya wake kuwa kiburi. Ripoti ya daktari na barua yenu vifike kabla ya siku ya kuripoti. Msisubiri kujieleza getini.

Bodi ya Mikopo nayo humtambua mwombaji mwenye ulemavu, lakini ulemavu uthibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Kama mtoto hajawahi kuandikiwa ripoti ya usonji, dirisha la mikopo likishafunguliwa utakuwa umechelewa. Anzeni akiwa kidato cha tano.

Na msione haya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya elimu sawa na wengine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, katika ibara ya 24 unataja elimu ya juu waziwazi, na unataka mazingira yarekebishwe kumfaa anayehitaji. Kijana anayeomba maelekezo kwa maandishi haombi hisani.

Nimesoma jinsi wenzetu wa Marekani wanavyofanya. Huko sheria inataka mpango wa mpito uwe umeingia kwenye mpango wa elimu wa mwanafunzi mwenye ulemavu anapofika miaka 16, naye anaalikwa kwenye kikao kinachomhusu. Sisi hatuhitaji kungoja sheria ili tumwalike mtoto kwenye kikao chake mwenyewe. Mkuu wa shule anaweza kufanya hivyo muhula ujao.

Na kuna mtu mmoja ningependa mumjue. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner aliandika juu ya watoto kumi na mmoja, na maandishi hayo ndiyo yaliyoufanya ulimwengu wa tiba uutambue usonji. Mtoto wa kwanza katika orodha yake alikuwa Donald Triplett, kutoka mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Wazazi walikuwa wameshauriwa wamweke mbali na nyumbani, na kweli aliwekwa kwenye taasisi angali mdogo sana, kisha wakamrudisha. Mtoto huyo, wa kwanza kabisa kuandikwa, alisoma chuo. Alihitimu Millsaps College mwaka 1958, akafanya kazi benki katika mji wake, akajifunza kuendesha gari, akasafiri nchi nyingi, akafariki 2023 akiwa na miaka 89. Familia yake ilikuwa na uwezo, ile benki ilikuwa ya kwao, na wengi wetu hapa hatuna benki. Lakini alikuwa pia na kitu ambacho hakinunuliwi: mji uliomjua. Waliozoea tabia zake waliziacha kama zilivyo. Kinyozi wetu aliyezima redio amefanya jambo la aina hiyo.

Nirudi chuoni, kwenye mambo ya kila siku, kwa maana huko ndiko watoto wetu wanakoangukia. Pesa kwanza. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likiingia lazima usaini ndani ya siku zilizotangazwa. Usiposaini, fedha inarudi Bodi. Kijana asiyependa foleni na makelele ataacha kwenda, halafu atakaa na njaa bila kumwambia mtu. Tulilipanga: anakwenda siku ya pili asubuhi na mapema, amevaa vizuia sauti, na mwenzake wa chumbani yuko nyuma yake. Yule yule aliyenipigia simu. Siku zote nitamwombea kijana yule.

Na watoto wetu wanaamini maneno kama yalivyo. Ujumbe ukija "ile hela tuma kwenye namba hii," mwanangu alituma. Mara mbili. Hakuona sababu ya mtu kuandika kitu kisicho kweli. Sasa tuna kanuni isiyo na ubaguzi: hakuna pesa inayotoka bila yeye kumpigia mtu huyo na kusikia sauti yake. Hata mimi.

Nina neno kwa wenye mabinti, na naomba mlisikie vizuri. Binti mwenye usonji mara nyingi hapewi jina hilo. Anaitwa mpole, mwenye aibu, aliyelelewa vizuri. Amejifunza kuwaiga wenzake na kucheka wanapocheka. Miaka yote amesifiwa kwa kukubali. Atafika hosteli hajawahi kufundishwa kusema "sitaki," na yupo mtu ataligundua hilo kabla yako. Mfundisheni kulisema nyumbani, kwenu, kwa mambo madogo. Akikataa kumkumbatia mjomba, mwacheni akatae.

Kazi za kikundi ni ngumu, na sitawadanganya kwamba tumezimaliza. Wanagawana kazi kwa maneno, haraka haraka, wakitaniana. Mwanangu alikuwa akipewa kazi ya kuchapa tu, na kwenye prezentesheni anasimama pembeni. Mwaka wa pili mhadhiri mmoja alianza kuvitaka vikundi vyote viandike nani anafanya nini kabla ya kuanza. Alifanya kwa darasa zima, hakumtaja mtu. Nilisikia kwamba hata ugomvi wa wale wengine ulipungua. Kama kuna mhadhiri hapa, nakuomba uchukue hilo. Na madesa yako, yaani maandishi ya somo, yawekwe mahali pamoja yanapopatikana, ili asiyejua kuomba asikose.

Alipata sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, mwaka wa kwanza. Ndugu walinipigia simu kunipa pole, wengine wakasema atadisko, yaani ataondolewa chuo kwa kufeli, arudi nyumbani apumzike. Zote mbili alifaulu. Nazitaja kwa sababu zimo kwenye ruhusa, na kwa sababu mzazi mwenye mtoto wa sapu asidhani kwamba mpango umeshindwa. Sapu ni sehemu ya chuo.

Walimu wenzangu wa sekondari, sisi ndio tuliomzoesha mtoto kusemewa. Naanza na mimi: mwanafunzi wangu mwenye usonji akitaka kuhamishiwa kiti, sasa simhamishi kwa kumwonea huruma nikimwona anahangaika. Namwandikia kwenye karatasi, "Unahitaji nini?" Kisha naendelea na ubao. Wapo waliochukua muhula mzima kunijibu. Mmoja aliniletea karatasi siku ya mahafali.

Na ninyi vijana. Sitawaambia msiogope, maana sijui kelele zinavyowaingia. Nawaambia tu kwamba chuo ni mahali pa kwanza ambapo mtu anaweza kuzungumza juu ya jambo moja analolipenda kwa saa tatu na akapewa alama. Mwanangu sasa anafanya utafiti wake wa mwaka wa mwisho juu ya foleni: kwa nini mstari mmoja unakwenda na mwingine umesimama. Amekwenda kukaa mwenyewe, kwa hiari yake, kwenye ukumbi ule ule wa usajili, na daftari.

Pale nyuma kuna meza yenye kadi ngumu nyeupe na kalamu za rangi zote, na rula tatu. Kila kijana aandike yake, iwe mistari sita au mmoja. Anayetaka kuchora achore. Mkichoka mziache, mtamalizia nyumbani. Wazazi wangu, chai iko nje chini ya mwembe, na vitumbua viko vya kutosha. Tutakaa huko mpaka wao wenyewe wafungue mlango.